Mkanda wa Sita

Maelezo yalikuwa kumi na moja, na yote yalikuwa na sentensi moja: "Niliketi ukumbini tangu filamu ilipoanza hadi ilipokwisha, na sikumwona mtu yeyote akitoka." Inspekta aliyapanga mezani katika safu mbili, akayasoma kwa mara ya tatu. Mwandiko ulikuwa wa mtu mmoja. Saini tu ndizo zilizotofautiana.

"Nani aliandika haya?"

Koplo alijikuna shingo. "Konstebo wa zamu, Afande. Alimwandikia wa kwanza, wengine wakasema, 'Na mimi hivyo hivyo.'"

"Na yeye akaandika hivyo hivyo."

"Akaandika hivyo hivyo."

Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, Jumatatu. Saa nane mchana jalada lilitakiwa kuwa mahakamani. Saa kumi, fundi wa projekta ambaye kila mtu alimwita Mzee Taa alikuwa azikwe. Binti yake wa pekee alikuwa mahabusu, mlango wa tatu kutoka pale, akisubiri kushtakiwa kwa kumuua. Jalada likimfikia hakimu kama lilivyokuwa, binti angerudishwa rumande, na baba angefukiwa na majirani.

Mkuu wa kituo aliingia bila kubisha, kikombe cha chai mkononi.

"Bado unayapanga kama karata?"

"Bado, Mkuu."

"Kwani kuna fumbo gani? Mzee alikutwa amekufa katika chumba cha mashine, mlango umefungwa. Funguo ni mbili: moja mfukoni mwa marehemu, nyingine kwa binti. Ijumaa waligombana, jirani kasikia. Filamu ilipokuwa inaelekea mwisho, binti hakuwa dirishani pake pa tiketi. Unataka nini tena, wapige picha ya pamoja?"

"Anasema alikuwa uani, anachota maji ya kupigia deki."

"Nani kamwona?"

"Ndoo."

Mkuu alikunywa chai yake. Inspekta alikusanya karatasi zake.

"Watu kumi na mmoja wanasema walikaa hadi mwisho," alisema. "Hakuna aliyewauliza filamu iliishaje. Aliyekaa hadi mwisho anaujua mwisho. Nipe nusu siku."

"Nakupa hadi saa saba na nusu," alisema Mkuu. "Ikizidi hapo dakika moja, natia saini."

*

Ukumbi wa sinema ulikuwa jengo la ghorofa moja lililobakiwa na nusu ya rangi yake. Viti mia tatu vya mbao vilikuwa vikitumiwa na watu kumi na mmoja tu, Jumamosi moja baada ya nyingine, kutazama filamu za kipelelezi na za ngumi ambazo hazikuwa zimesalia mahali pengine popote. Juu ya mlango kulikuwa na bango la filamu ya Jumamosi ile. *Kamishna Hana Likizo*, liliandikwa. Mwanamume mwenye masharubu mazito na koti la mvua alisimama darajani. Nyuma yake gari lilikuwa linawaka moto.

Chini ya bango aliketi fundi viatu, kiatu kimoja mapajani, misumari mitatu mdomoni.

"Shikamoo, mzee," alisema Inspekta.

"Marahaba, mama." Misumari haikuanguka. "Mmemrudisha mwanetu?"

"Bado. Jumamosi ulikuwa hapa?"

"Nipo hapa tangu jengo hili lina rangi. Nilifunga kazi walipopiga kelele za kinyozi. Kila Kamishna ikionyeshwa huwa nafunga hapo. Wakishapiga, najua zimebaki dakika tisa watoke, na wakitoka wananikanyagia vifaa."

"Kinyozi gani?"

Fundi viatu alitoa msumari mmoja mdomoni, akaupigilia kwenye soli kwa pigo moja. "Hiyo waulize wenyewe. Mimi sikati tiketi."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa kumi na dakika hamsini na moja. Redio ilikuwa imemaliza matangazo ya vifo sasa hivi."

Koplo aliandika saa. Kisha aliandika neno "kinyozi" na kulizungushia duara.

Ndani, Inspekta alianza na miguu yake. Kutoka mlango wa nyuma wa ukumbi hadi chini ya ngazi palikuwa na hatua ishirini na sita. Ngazi zilikuwa na vidato kumi na vinne. Mtu asiye na haraka angefika juu kwa nusu dakika. Palipokuwa na dirisha la tiketi mtu angeweza kumwona kila apitaye, na mlango wa uani ulikuwa nyuma ya dirisha hilo. Binti alipokwenda uani, njia ilikuwa wazi.

Mlango wa chumba cha mashine ulikuwa mzito. Inspekta aliufungua kwa ufunguo uliotoka mfukoni mwa marehemu, akauachia. Ulirudi wenyewe taratibu, ukajifunga kwa mlio wa komeo.

"Fungua," alimwambia Koplo.

Koplo alisukuma. Akasukuma tena kwa bega. "Umejifunga, Afande."

"Andika. Aliyetoka humu hakuhitaji ufunguo wa kufungia. Na aliyeingia hakuhitaji ufunguo wa kufungulia, kama Mzee mwenyewe alimfungulia."

Chumba kilikuwa na mashine mbili, kila moja kubwa kama jokofu. Chaki ilionyesha mahali alipolala marehemu, kichwa kikiwa kwenye pembe ya chuma ya mguu wa mashine ya pili. Ripoti ya daktari ilikuwa fupi: michubuko miwili kifuani, upana wa viganja, na pigo moja kisogoni. Alisukumwa. Ukutani palikuwa na makopo matano ya bati, na kila kopo lilikuwa na mkanda wake. Kopo la sita lilikuwa wazi mezani. Mkanda wa sita, wa mwisho, ulikuwa bado kwenye mashine, umezungushwa kwenye gurudumu la chini kama ulivyokuwa Jumamosi ulipokwisha.

Inspekta alichutama, akautazama kwa ubavu. Mizunguko ya ndani ilikuwa ya rangi ya kijivu. Ya nje ilikuwa ya kahawia. Rangi hizo mbili zilikutana katika mstari mwembamba, kama shina la mti lililokatwa.

"Nini hicho?" aliuliza Koplo.

"Sijui bado," alisema Inspekta, akachora duara mbili kwenye daftari lake.

*

Aliwahoji sebuleni, mmoja mmoja, penye meza ya tiketi. Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa kikundi, aliyekuja amevaa suti ya mazishi.

"Mwalimu, unisamehe. Filamu iliishaje?"

"Afande?"

"Kamishna. Mwisho wake."

Mwalimu alitazama mikono yake. "Stelingi anapigana na adui juu ya paa la treni. Mchana kweupe. Adui anaanguka. Stelingi anaketi juu ya paa, anavua saa yake, anaitupa."

"Bango lenu lina daraja na gari linalowaka."

"Bango ni bango."

"Kwa nini fundi viatu anasema mnapiga kelele za kinyozi?"

Mzee huyo alijiweka sawa kitini. Uso wake ulifungwa kama daftari. "Kuna mambo ya ukumbi yanayobaki ukumbini, Afande. Mgeni hasimuliwi mkanda wa sita. Ndiyo desturi yetu. Hata mke wangu sijamwambia."

"Mtu ameuawa."

"Na aliyeuawa ndiye aliyeiweka desturi. Kama unataka kujua kama nilikuwapo, nilikuwapo. Picha ilikuwa nzuri, kisha zikiwa zimebaki dakika sita au saba ikaanza kupauka. Ikawa ya njano, kama karatasi ya zamani. Mwishoni tuliona vivuli tu. Tulipiga miluzi. Mzee Taa hajawahi kutuonyesha vivuli miaka thelathini. Tungejua..."

Inspekta aligeuza ukurasa wa daftari.

"Mnazipendea nini filamu hizi, Mwalimu? Hata kwao zimesahauliwa."

"Ndiyo maana." Alipata uhai kidogo. "Zilitoka kwao bila kuagwa, zikafika hapa zimechakaa, sauti imebandikwa juu ya midomo ya wengine. Stelingi anajibu kabla hajaulizwa. Lakini gari likipinduka, ni gari la kweli, na anayetoka anachechemea kweli. Walikuwa na gari moja la kuvunja na nafasi moja ya kulivunja. Anayeanguka kutoka ghorofani anaangukia maboksi, na ukitazama vizuri maboksi unayaona. Mimi nayaona kila mwaka. Kila mwaka naogopa hatayafikia."

"Kila mwaka?"

"Kamishna huonyeshwa mara moja tu kwa mwaka. Mkanda umezeeka, Mzee aliuhurumia."

Wengine tisa walifuata. Fundi cherehani alikiri kwamba alisinzia mkanda wa nne wote. "Lakini wa sita nilikuwa macho kama bundi, mama. Wa sita haulaliwi." Mjane mmoja, aliyewahi kuwa kondakta wa basi, alimwambia Koplo kuwa anafanana na adui wa filamu hiyo, ila adui alikuwa na meno. Wote kumi walitaja treni, mchana, na saa iliyotupwa. Wote kumi walisema picha ilipauka. Walipoulizwa habari za kinyozi, wote kumi walitazama sakafu.

Wa kumi na moja aliitwa Profesa. Hakuwa amefundisha popote. Alikuwa amerudi kutoka ng'ambo mwaka uliopita na maboksi ya diski za filamu, na alimsahihisha kila mtu. Shati lake lilipigwa pasi hadi kwenye vifungo. Aliketi, akaweka mezani kijikaratasi alichokuwa amewagawia watazamaji Jumamosi, kilichochapwa vizuri.

"Kabla hujaniuliza," alisema, "mkanda uko wapi? Chumba kile kina joto. Mkanda wa umri ule hauachwi kwenye mashine siku mbili."

"Uko salama. Binti wa marehemu yeye yuko mahabusu."

"Ndiyo, nimesikia. Pole yake."

Inspekta alisoma kijikaratasi. *Nakala pekee kamili iliyosalia duniani*, kilisema. *Hivi karibuni itapatikana kwa wakusanyaji wa kimataifa.*

"Mzee Taa alikubali kuitoa?"

"Tulikuwa katika mazungumzo."

"Mliyafanyia wapi? Kule juu?"

"Kamwe. Sijawahi kukanyaga chumba kile. Mzee hakuruhusu mtu. Tuliongea hapa, penye tiketi."

"Filamu iliishaje?"

Profesa alitabasamu kama mtu aliyepewa mtihani wa darasa la kwanza. "Ni usiku, mvua inanyesha. Kamishna anamfukuza adui kwa gari hadi darajani. Gari la adui linawaka. Kamishna anavua beji yake, anaitupa mtoni. Ni mojawapo ya miisho bora ya filamu za aina yake. Kwenye diski yangu, iliyonakiliwa kutoka kwenye televisheni, beji haionekani vizuri. Kwenye mkanda inaonekana hadi namba yake."

"Uliiona namba Jumamosi?"

"Kwa macho yangu."

"Picha ilikuwaje?"

Alisita kwa muda wa pumzi moja. "Mwishoni mwanga ulipungua kidogo. Mashine za kizamani."

Alipotoka, Koplo alifunga daftari kwa kishindo.

"Kumi na mmoja kasoro mmoja, Afande. Wanadanganya. Bango lina daraja, kijikaratasi kina daraja, Profesa anasema daraja. Hao wazee wameketi chini wakapanga treni yao. Na wanaficha jambo, hata mtoto angeona. Kinyozi, kinyozi! Labda ni jina la mtu."

"Watu kumi wanaopanga uongo hupanga uongo unaofanana na bango," alisema Inspekta. "Huo ndio ugumu wake. Nani angejisumbua kutunga treni?"

"Basi nani mkweli?"

"Mkanda. Ni saa ngapi?"

"Sita kasorobo."

"Nani mwingine anayejua kuendesha mashine hizi?"

Koplo alifikiri, kisha akakunja uso. "Mmoja tu. Tumemfungia."

*

Waliomba ruhusa kwa simu, na Mkuu aliwatukana kabla ya kuitoa. Saa sita na nusu binti wa Mzee Taa alipandishwa vidato kumi na vinne akiwa na pingu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, amefunga kitambaa cheusi kichwani. Aliitazama chaki sakafuni, akaikwepa kwa kuzunguka upande mwingine wa mashine.

"Kwa pingu siwezi kuvisha mkanda," alisema.

Inspekta alimwashiria Koplo. Pingu zilitoka. Binti alivaa glavu za pamba zilizokuwa msumarini, akaurudisha mkanda kwa mkono, akauvisha kwenye mashine bila kutazama vidole vyake.

"Mligombana nini Ijumaa?"

"Nilitaka ahamie kwangu. Ngazi hizi zilikuwa zinammaliza. Akasema mimi ndiye nihamie huku, hewa ni nzuri." Alibonyeza mkanda kwenye meno ya gurudumu. "Nikamwambia ni mkaidi. Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake."

"Jumamosi picha ilipauka zikiwa zimebaki dakika sita au saba. Kwa nini?"

Binti alifungua kijimlango cha taa. Ndani yake vijiti viwili vyeusi vilielekeana ncha kwa ncha. "Hivi ni vya kaboni. Mwanga unatoka hapa katikati, na vinaliwa vikiwaka. Lazima uvisogeze kwa mkono kila baada ya dakika mbili hivi. Ukiviacha, mwanga unafifia. Baba asingeviacha. Hata akiwa na homa asingeviacha."

"Kwa hiyo aliyevisogeza alianguka dakika mbili kabla ya picha kupauka. Zikiwa zimebaki dakika nane au tisa."

"Dakika nane au tisa," binti alirudia. Akamtazama Inspekta kwa ghafla. "Afande, hapo ndipo..."

"Usiniambie. Nataka nione kama mgeni. Mtu akiwa humu, anaweza kuiona picha ukumbini?"

"Kwa tundu hili tu, na tundu hili ni la fundi. Mwingine ataona mgongo wa fundi. Na mashine ikiwaka husikii mtu."

Watazamaji kumi na mmoja walikuwa wameshaketi, kila mmoja penye kiti chake cha Jumamosi. Profesa alikuwa mstari wa nyuma kabisa, karibu na mlango, peke yake. Koplo aliketi viti vitatu kutoka kwake. Inspekta alishuka hadi mbele, akasimama chini ya pazia, akageuka. Mgongo wake ulikuwa kwenye picha. Uso wake ulikuwa kwa watu.

Taa zilizimwa. Mashine ilianza kunguruma.

Nyuma yake alisikia injini, breki, na mvua. Mbele yake nyuso kumi na moja ziliingia katika mwanga wa buluu. Ilikuwa siku ya msiba, na wazee waliketi kama watu walio kwenye foleni ya hospitali. Inspekta alitazama saa. Dakika ya tano. Milio ya risasi. Dakika ya saba. Mwanamke alilia kwa sauti ya mwanamke mwingine. Mwalimu alikuwa amekunja mikono kifuani. Profesa alikuwa ameinama mbele, macho hayapepesi, midomo ikitangulia maneno ya filamu. Aliijua yote.

Dakika ya tisa, mvua ilizidi. Mlango ulifunguliwa kwa teke ndani ya filamu.

Ghafla mwanga wa ukumbi uligeuka. Buluu ilitoweka, na nyuso zote zikawa nyeupe, kama watu waliotoka gizani na kuingia juani. Mvua ilinyamaza. Treni ilipiga honi.

Kimya. Sekunde moja. Mbili.

"Kinyozi," alisema Mwalimu, kwa sauti iliyokatika katikati.

"Kinyozi!" alidakia mjane.

Na hapo wakaitika wote, kumi kwa sauti moja, huku machozi yanawatoka na wanacheka: "Kinyozi!" Fundi cherehani alipiga kiti cha mbele yake kwa kiganja. "Ameshanyoa! Kaingia na masharubu, katoka hana!"

Mdomo mmoja haukufunguka. Ulikuwa umeachama. Profesa alitazama picha, akawatazama wenzake, akaitazama picha tena. Kisha alisimama.

"Simamisha! Hii siyo! Huyu si Kamishna, huyu ni mtu mwingine! Nani kashona uchafu huu hapa?"

"Kaa chini, bwana," alisema mjane. "Ndiyo kinyozi mwenyewe huyo. Jumamosi si ulimwona?"

"Hii si filamu yenyewe! Mwisho hamna! Aliniapia ni kamili! Nilimuuliza ana kwa ana pale mashineni, mkono wake uko juu ya kopo, akaniambia, 'Ni kamili kuliko uliouona wewe...'"

Treni iliendelea kukimbia kwenye pazia, lakini hakuna aliyekuwa akiitazama.

"Pale mashineni," alisema Inspekta.

"Nilimaanisha penye tiketi."

"Penye tiketi hakuna kopo. Koplo, tusomee maelezo ya leo."

Koplo alikuwa ameshasimama mlangoni. Alisoma kwa mwanga wa treni. "'Kamwe. Sijawahi kukanyaga chumba kile.'"

"Na kuhusu mwisho?"

"'Darajani. Usiku. Beji.' Akasema aliiona namba kwa macho yake."

Inspekta alipanda kati ya viti, taratibu, mstari kwa mstari. "Mkanda huu hauna daraja, Profesa. Wala beji. Wenzako kumi waliona treni, kwa sababu walikuwapo. Wewe uliona ulichokizoea kwenye diski yako, kwa sababu hukuwapo. Walipopiga kelele hizi Jumamosi zilikuwa zimebaki dakika tisa. Muda huo huo Mzee Taa alivisogeza vijiti vyake kwa mara ya mwisho. Ulikuwa wapi?"

"Kelele wanapiga katika kila filamu."

"Kelele ulizisikia, labda. Picha hukuiona. Uliporudi kitini palikuwa na vivuli tu, na vivuli havina masharubu."

Profesa alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Viganja vyake vilikuwa vipana.

"Nilimsukuma tu," alisema. "Nimewaandikia watu wa ng'ambo. Nimewaahidi. Nilimbembeleza mwaka mzima. Akanicheka. Akasema mkanda huu hautoki, ni wa binti yake. Nikamwambia binti yake hajui thamani yake. Nikalishika kopo, na yeye akalishika..." Aliigeukia picha, ambako mwanamume asiye na masharubu alikuwa akitambaa juu ya paa la behewa. Sauti yake ilishuka. "Na mwisho wenyewe hamna."

Mwalimu alisimama, akavua miwani, akaifuta. "Tungekuambia, bwana," alisema kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko tusi. "Ilikuwa mara yako ya kwanza na Kamishna wetu. Ungemaliza nasi Jumamosi ile tu, usingekuwa mgeni tena. Tungekusimulia yote."

Koplo alitumia pingu zile zile.

*

Ilikuwa saa saba na dakika kumi na mbili Inspekta alipopiga simu. Mkuu alisikiliza hadi mwisho, jambo lililokuwa nadra.

"Amesema mbele ya watu wangapi?"

"Kumi. Na koplo."

"Mfungulie binti. Maelezo ya safari hii uandike mwenyewe."

Juu, mashine ilikuwa bado inanguruma. Binti alisimama kando yake, mkono mmoja kwenye vifundo vya vijiti.

"Uko huru," alisema Inspekta. "Gari langu liko mlangoni. Utawahi."

"Dakika moja, Afande. Haijaisha."

Walisimama. Katika tundu, mtu mdogo juu ya treni alivua saa, akaitupa.

"Siku niliyozaliwa," alisema binti, bila kuondoa macho, "walimletea habari akiwa anaonyesha mkanda huu. Aliiacha mashine peke yake, akakimbia hospitali na glavu mikononi. Huku nyuma mkanda ukakwama, ukaungua. Aliporudi, daraja lote lilikuwa majivu. Akachukua mwisho wa filamu nyingine, akaushona. Watu walipomwuliza masharubu yamekwenda wapi, akasema stelingi amepita kwa kinyozi." Alizungusha kifundo kidogo. "Kila nikimkosea alikuwa ananiambia, 'Nyamaza wewe, uliniunguzia Kamishna.'"

Mkia wa mkanda ulitoka, ukapigapiga hewani. Binti alizima taa ya mashine, akalipunguza gurudumu kwa kiganja mpaka likasimama. Aliutia mkanda kwenye kopo la sita, akalifunika, akalibeba kwapani. Kisha akapiga magoti, akaigusa chaki kwa ncha ya glavu, akainuka.

Nje, fundi viatu alikuwa ameshafunga sanduku lake na kuvaa shati jeupe. Viatu vya wateja vilipangwa chini ya bango, jozi kwa jozi.

"Mchana wote huu umefunga kazi, mzee?" aliuliza Koplo.

"Nimesikia kinyozi," alisema. Akamfungulia binti mlango wa gari. "Twende, mwanangu. Tukamzike."